Kichanja cha Udongo wa Jomvu

Kilinivunjikia mkononi wiki iliyopita, nikikifungia magazeti. Sikukiangusha wala sikukigonga. Nilikishika tu pembeni, palepale alipokishika kila mtu miaka yote hii, pembe ikamegeka na kubaki kiganjani mwangu kama kipande cha mkate mkavu. Harufu ikanipanda puani, harufu ya udongo ulioshiba moto na mafuta, na kabla sijajizuia nikawa nalia mbele ya baba yangu, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari, nalilia kitu cha kusimamishia visu.

Baba amezeeka, na mwenye kiwanja anataka kiwanja chake, kwa hiyo kiwanda kinafungwa. Nilikuwa nimekwenda Magongo kumsaidia kupanga vitu. Alipoona machozi alidhani nimejikata. Sikumwambia nalilia nini. Kuna mambo ambayo nimekaa nayo kimya mbele yake tangu nina miaka tisa, na siku ile niliyaona tena yote, moja baada ya jingine, na juu yake nikaona na moja ambalo sikuwahi kulijua.

Kiwanda chenyewe ni banda tu la mabati uani kwetu. Wenzangu mliokulia upande ule mnakumbuka kelele zake: malori ya kontena yakipanda kutoka bandari ya Kipevu, honi, breki zikilia mteremkoni, na adhana ikijipenyeza katikati. Springi za malori hayohayo, zikishachoka, ndizo Baba alizozifua zikawa visu. Alifua visu vya samaki, vya jikoni, na zaidi vya kuchinjia, kwa sababu wachinjaji walimwamini. Kisu cha kuchinjia hakitaki mchezo. Kikiwa butu au kimepinda mnyama huteseka, na ingawa dhambi ni ya mchinjaji, lawama humrudia fundi.

Zamani alikaza visu kwa makaa na mvukuto, kimoja kimoja. Kisha akajijengea tanuri la umeme, la matofali meupe aliyoyaokota kwenye vyuma chakavu, la kuingiza visu kumi na viwili kwa mpigo. Idi ya kuchinja ilikuwa miezi michache mbele na wateja walikuwa wengi kuliko alivyozoea. Tatizo likabaki moja. Visu havilazwi tanurini. Kisu kikilazwa, upande wa chini haupati moto sawa na wa juu, na kikitoka kikachovywa kwenye mafuta hujikunja. Lazima visimame kwa migongo, makali juu, kila kimoja na nafasi yake, ili moto uvizunguke pande zote.

"Nataka kichanja," Baba alimwambia Mama asubuhi moja wakinywa chai. "Kichanja cha kuhimili moto, basi. Nikikipata hicho nimemaliza."

Mimi kichanja nilichokijua ni kimoja, cha vyombo, kile cha waya kilichovishwa plastiki ya buluu. Nikavitoa vikombe, nikavipanga chini, nikampelekea. Baba alicheka mpaka akakaa. Halafu, na hili ndilo lililonifanya nimpende vile nilivyompenda, hakunifukuza. Alisema, "Haya, tukijaribu, uone mwenyewe kwa nini hakifai." Tukakijaribu. Moshi mweusi ulijaa uani mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mama alipotoka akakuta kichanja chake kimebaki mifupa, akatutazama, akasema, "Wendawazimu wawili." Tangu siku hiyo Baba akawa ananiita mshirika.

Nililidhani ni cheo. Shuleni mwalimu alipouliza kazi za wazazi wetu, nilisimama nikasema baba yangu ni fundi wa visu na mimi ni mshirika, na nikangoja wenzangu wanionee wivu. Hawakunionea. Lakini nikitoka shule nilivua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja bandani, na Baba alinieleza kila kitu kama anayezungumza na mtu mzima.

Tulianza na nondo za kujengea, zilizochomelewa zikawa ngazi ndogo. Zikiwa baridi zingebeba nyumba. Tanurini, moto ulipofika rangi ya embe bivu, zililegea katikati taratibu, na visu vikazifuata. Vyote kumi na viwili vilitoka vimeinama, na Baba akavitupa kwenye pipa. Kisha tukachukua mabomba kuukuu ya maji, yale yaliyopakwa zinki, yenye rangi ya fedha. Hayo yalitoa moshi mweupe wenye utamu mbaya ulimini. Baba alinisukuma nje, akabaki yeye kuzima. Jioni yake alitetemeka kwa homa ya moshi ule chini ya blanketi, na joto la Magongo mnalijua, huku Mama akimnywesha maziwa na kumwuliza kama visu vinataka roho yake pia.

La tatu mtacheka. Baba alichukua tofali la jiwe la matumbawe, haya tunayojengea, akalikata kwa msumeno. Jiwe letu ni laini, lakatika kama sabuni. Akalitia mifuo kumi na miwili, kila kisu na mfereji wake, sawa kabisa, likawa zuri mpaka Mama akalisifu. Siku ya kwanza lilifanya kazi. Siku ya pili pia. Siku ya tatu Baba alilishika akalitoa, likammwagikia vidoleni, unga mweupe mtupu. Mama aliuchota kidogo kwa kidole, akautazama. "Umetupikia chokaa," alisema. Watu wa pwani tangu mababu wanachoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, na mume wake, aliyezaliwa Likoni akalelewa kwenye nyumba iliyopakwa chokaa hiyohiyo, alikuwa amesahau.

Hapo ndipo nilipolisema lile neno. Sikufikiri. Nilisema tu, "Lakini Bibi hapikii kwenye nondo." Baba aliniuliza nina maana gani. Nikamwambia kwamba chungu cha Bibi hukaa motoni kila siku na sijawahi kukiona kimepinda, wala hakitoi moshi, wala hakijawa unga. Baba aliweka nyundo chini. Kisha akanishika mashavu kwa mikono yake yenye masizi na kunibusu utosini. Nimepongezwa kwa mambo mengine maishani, hata kazini, lakini sijawahi kujiona mtu mkubwa kama dakika ile.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mfinyanzi wa Jomvu Kuu. Kwake ilikuwa ni mwendo wa kijia kutoka barabarani, ukipita msikiti na mashamba ya mihogo, mpaka nyumba ya mwisho kabla ya mikoko. Udongo wake ulichimbwa shimoni karibu na kijito, na shimo lile lilikuwa la wanawake. Wanaume hawakufika pale. Hata wavuvi wakipita walipita mbali, na mtu akikosea njia aliambiwa arudi, kwa heshima lakini arudi. Nilipomweleza Bibi haja yetu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia vidole.

"Mamako alipenda cherehani," alisema. "Wewe wapenda n'ni?"

Nikasema napenda udongo. Ulikuwa uongo kidogo, nilipenda kumfurahisha Baba, lakini baada ya wiki mbili pale ulikuwa kweli.

Wiki zile mbili zilikuwa za likizo, na ndizo ninazozikumbuka kuliko zote za utoto wangu. Asubuhi Bibi alinipa uji, kisha tukaenda shimoni na makarai. Tuliporudi alinikalisha mbele ya kinu cha jiwe na kunipa vigae vya chungu kilichovunjika. "Ponda," alisema, nami nikaponda mpaka mikono ikafa ganzi, kisha tukachunga kwa chekeche ya matundu madogo. Siku ya pili aliniita ndani, akafunga mlango wa nyuma, akanishika mkono wa kulia.

"Nisikiza, Mishi. Udongo mtupu wapasuka motoni. Chungu kilichopikiwa miaka kishafunzwa na moto. Ukivitia vigae vyake kwenye udongo mpya, chamfunza mwenziwe. Lakini viwe vya chungu. Vya mtungi usitie, mtungi wajua maji tu. Kwa kila makarai matatu ya udongo, karai moja la vigae. Wanisikia?"

"Abee, Bibi."

"Hii ni amana. Nalipewa na mamangu, naye alipewa na mamake. Haitoki mkono huu ikenda mkono wa mwanamume, hata awe nani. Amana ikitoka ni khiyana."

Kisha akanipa gamba la chaza, leupe kwa ndani, lililolika upande mmoja kwa kusugulia vyungu. Lilikuwa lake tangu alipokuwa mwali. Sasa likawa langu. Nililala nalo chini ya mto.

Kulikuwa na jambo moja tu dogo lisilonipendeza. Kila alipotaka kuukanda udongo kwa mara ya kwanza, Bibi alinituma maji. Kisima kilikuwa mbali na dumu lilikuwa zito, na niliporudi nilikuta udongo ushakandwa na kufunikwa gunia bichi. Nikiugusa ulinichoma choma viganjani. "Vigae hivyo," Bibi alisema, nami nikaridhika. Pembeni pale ukutani palikuwa na gunia jingine, la makapi ya mpunga yaliyotwangwa laini. Niliuliza ni ya nini, akasema ya kuku. Kuku wenyewe sikuwaona wiki zote mbili. Nikadhani wanashinda kwa jirani.

Kichanja tulikifinyanga pamoja, kirefu kama mkono wangu, na miguu mitatu ili kisiyumbe, na mifuo kumi na miwili niliyoipima kwa kisu cha Baba. Bibi alinitaka niache alama. Nikabonyeza kidole gumba chini ya pembe moja, naye akabonyeza chake pembeni ya changu. Tukakisugua kwa gamba mpaka kikang'aa, kikakaushwa kivulini siku nane, kikachomwa kwa kuni na makuti pamoja na vyungu vyake. Nilikipeleka Magongo nimekifunga kwenye leso ya Bibi, nimekipakata mapajani, na sikukubali mtu yeyote anishikie.

Kilifanya kazi. Naweza kulisema hili kwa urefu lakini ukweli wake ni mfupi: Baba alifungua tanuri, na ndani, katikati ya ile rangi ya embe bivu, kichanja chetu kilikuwa kimesimama kama kilivyoingia. Visu vilitoka vimenyooka. Aliviinua kimoja kimoja mbele ya jicho lake, akafumba jicho la pili, na kila kimoja akasema, "Mashallah." Idi ile wachinjaji walifurahi, na jina la Baba likafika mpaka Kisauni.

Baada ya hapo alianza kuniuliza. Si kwa nguvu, ningejua namna ya kukataa nguvu. Aliniletea viazi karai vya moto kwenye karatasi, akakaa nami kwenye kigogo, akasema Bibi ni mtu wa ajabu. Akasema siku kile kichanja kikivunjika tutafanyaje. Nikamwambia Bibi atatufinyangia kingine. Akacheka. "Siri ya mtungi aijua kata," alisema. "Na kata yangu ni wewe." Siku nyingine akasema, sauti imeshuka, kwamba washirika hawafichani, na kama namficha basi labda alikosea kuniita mshirika. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa na miaka tisa, na cheo changu kilikuwa kinaondoka mbele ya macho yangu.

"Bibi alisema ni amana," nikamwambia.

"Na kwangu mimi ni amana. Wallahi haitoki hapa, Mishi. Wallahi."

Nilimwambia. Vigae vya chungu, si vya mtungi, karai moja kwa matatu. Nilimwambia na shimo lilipo. Aliitikia kwa kichwa kila neno, na nilipomaliza akanipa kiazi cha mwisho. Sikuona vibaya. Nilidhani amana ni kama habari njema, ukimpa unayempenda haipungui.

Baba alikuwa na rafiki, Kazungu, fundi wa majiko ya makaa barabarani, mtu mcheshi aliyekuwa akinitania kwa kuniita mamkwe. Haukupita mwezi nikaona kibandani kwake vichanja vimepangwa juani, vitano, sita, vyenye mifuo kama yetu. Kazungu aliniita nivione. Alikuwa anajivunia, maskini, wala hakujua kama kuna siri. "Babako ni kichwa," aliniambia. "Kagundua udongo." Yeye na wenzake walikuwa wamekwenda Jomvu na mkokoteni, wanaume watatu na majembe, alfajiri wakati wanawake wako majumbani, wakalichimba lile shimo mpaka likaingia maji ya chumvi.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza Baba. Alikuwa ananoa. Akasema, bila kuinua macho, "Biashara hiyo, Mishi. Wewe bado mdogo." Neno mshirika hakulitaja.

Bibi alikuja Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Tuliona buibui lake mlangoni na Mama akakimbilia kupika chai. Bibi hakuitaka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale uani, akafungua leso, akatoa kipande cha kichanja cha Kazungu na kukiweka juu ya goti. Baba alimwamkia shikamoo, akabaki amesimama, kama ilivyo desturi mbele ya mamkwe, macho chini.

"Mkwe wangu," Bibi alisema, pole pole, "shimo langu lina maji ya pwani. Na hiki nimekiona kwa watu. Mumo muna vigae vya chungu. Nataka kujua neno langu limetoka wapi."

Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Baba. Nilikuwa na hofu lakini si kubwa, kwa sababu alikuwapo. Nilijua sasa atasema. Ataomba radhi, Bibi atakasirika, atanyamaza, tutakunywa chai. Baba akaweka mkono wake utosini pangu, mkono uleule, pale pale aliponibusu.

"Watoto hawa, Mama," alisema. "Hawana kifua. Kumbe amekuwa akisema barabarani, kwa watu. Hata mimi nimesikia kwa Kazungu. Utuwie radhi, nitamchunga mdomo."

Na mkono ukabaki kichwani.

Nyinyi mliolelewa kama mimi mnajua kwa nini sikusema kitu. Mtoto hamfanyi babake mwongo mbele ya mamkwe wake. Afadhali nyumba ianguke. Lakini si adabu peke yake. Nilidhani ni mpango. Nilidhani baadaye, Bibi akishaondoka, au wiki ijayo, Baba atakwenda Jomvu peke yake na kusema ukweli kimyakimya, mtu mzima kwa mtu mzima. Nilimtazama usoni nikingoja anikonyeze. Alikuwa anatazama miguu ya Bibi.

Bibi aliniita. "Ndoo, Mishi." Nikaenda. Hakunipiga, hakunifokea. Alinyosha mkono. "Nipe gamba langu."

Lilikuwa mfukoni, lilikuwa mfukoni siku zote. Nikampa. Akalifunga kwenye leso pamoja na kile kipande, akasimama, akatuaga. Mama alinifinya mkono mpaka jioni ukawa na alama, akiniuliza nilimwambia nani. Sikumjibu. Baba alikuwa bandani anapiga nyundo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi kwamba nguo yenyewe utaendelea kuivaa. Nilikula naye chakula kila siku. Nilimpelekea maji ya kunawa. Nilimwandalia kanzu ya Ijumaa. Wiki moja nikangoja, kisha mwezi, na kila aliposema anakwenda Jomvu moyo wangu uliruka, kumbe ni kwenda kuuza visu. Nafikiri nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoacha kungoja.

Lakini lililoniuma kuliko lote lilikuwa kwa Bibi mwenyewe. Mara ya kwanza nilipokwenda baada ya pale, nilifika mlangoni na Bibi akanitazama kutoka ndani, akasema, "Karibu." Nilisimama pale kizingitini nisijue la kufanya. Alikuwa hajawahi kuniambia karibu maishani. Mtu hakaribishwi kwao. Nilikuwa nikiingia kwake kwa kupiga kelele, nikifunua masufuria. Sasa alinitandikia mkeka, akaniletea chai kwa kikombe cha wageni, na mahamri kwenye sahani yenye maua, akauliza hali ya wazazi wangu. Kule nyuma nilisikia mtu akitwanga vigae. Alikuwa binti wa jirani. Nikanywa chai yangu, nikashukuru, nikarudi Magongo.

Vichanja vya Kazungu vyote vilipasuka. Kimoja siku ya pili, kingine wiki ya kwanza, na cha mwisho kililipuka ndani ya tanuri la fundi mmoja wa Changamwe kikapinda visu vyake vyote. Watu walisema Bibi amewasomea halbadiri. Mimi niliposikia neno hilo sikulala vizuri kwa mwezi. Halbadiri humpata mwizi popote alipo, tulivyoambiwa, na mwizi wa kwanza alikuwa mimi. Kila asubuhi nilijipapasa tumbo kuona kama limevimba. Halikuvimba. Nikajiambia basi Bibi amenitoa kwenye dua, amesema wote ila Mishi, na wazo hilo nililishika miaka mingi kama kipande cha lile gamba. Baba yeye alisema Kazungu hana mkono wa udongo. Kichanja chetu, kile chenye vidole gumba viwili, kiliendelea kufanya kazi. Kimepita Idi baada ya Idi. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu, na mpaka siku hiyo aliniambia karibu.

Sasa nirudi bandani, wiki iliyopita, na ile pembe kiganjani. Niliigeuza nione alama yangu chini yake. Ilikuwapo, ndogo, siamini kama kidole changu kilikuwa kidogo hivyo, na chake ubavuni. Kisha nikatazama pale ilipovunjika, kwa ndani, ambako hakuna jicho lililowahi kufika.

Vigae vilikuwamo, chembe nyekundu. Lakini katikati yao palikuwa na vitundu, vingi mno, vyembamba, virefu, na mwangaza wa mlangoni ulipovipiga niliona kila kimoja kina umbo la kipande kidogo cha ganda la mpunga. Makapi yalikuwa yameungua zamani yakaacha nafasi zake. Nilijua mara moja, bila kufikiri, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Udongo ule ulihimili moto kwa sababu ulikuwa na mahali pa kupumua. Lile dumu la maji. Viganja vilivyochomwa. Lile gunia ukutani.

Bibi hakuwa na kuku.

Kwa hiyo hakunipa. Alinishika mkono wa kulia, akafunga mlango, akaniambia amana, na akanipa nusu. Nusu ya pili aliitia udongoni kila aliponituma kisimani. Labda ilikuwa inangoja nikue, labda wote huanza na nusu. Nimejaribu kujiambia hivyo tangu siku ile na ninaumia vilevile. Shimo lake lilichimbwa kwa mdomo wangu, hilo nakubali. Lakini alijua kwamba vichanja vile vitapasuka. Alijua siri yake iko salama, alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akijua, na bado akachukua gamba lake, na bado akaniambia karibu mpaka anakufa. Baba alinisaliti kwa sababu ya woga. Bibi alikuwa amenikataa kabla sijakosa. Ndiyo maana nililia.

"Umejikata?" Baba aliuliza kutoka kwenye kigogo chake. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Sijajikata. Kimevunjika."

"Ah." Alinyosha mkono, kisha akaurudisha. "Ndani muna nini, Mishi? Siku zote najiuliza. Kazungu alifuata kila kitu ulichoniambia."

Ulichoniambia. Alilisema hivi hivi, kama anayeomba maji. Miaka yote ile, hata nilipodhani nimeacha, nimeingoja sentensi hiyo, nimeiwazia akiisema mbele ya Bibi, mbele ya Mama, mbele ya kaburi, na ilipokuja haikuwa hata toba. Alikuwa bado anataka kujua.

Nikafumba mkono juu ya ile pembe.

"Vigae tu, Baba," nikasema. "Vya chungu."

"Hamna kingine?"

"Hamna."

"Wallahi?"

Nilimtazama. Alikuwa amenielekezea uso, anangoja, ananiamini.

"Wallahi," nikamwambia.